Shajara ya mradi: daftari la jenereta linalojihesabia lenyewe

Jumatatu

Kazi iko hivi. Kuna jenereta kadhaa, na kila moja ina daftari lake la karatasi. Mwendeshaji anaandika saa aliyowasha, saa aliyozima na lita za dizeli alizojaza. Mwisho wa mwezi mtu mmoja anakaa na kikokotoo, anatoa saa za kazi, anagawanya lita kwa saa, kisha anapekua kujua ipi imefikia sevisi. Ninahamisha yote hayo kwenye lahajedwali ili hesabu zifanywe na safu za fomula. Mwendeshaji ataandika alichokiona tu. Asikokotoe kitu.

Nimejiwekea sharti moja kabla ya kugusa kibodi: safu ya hesabu isome mstari wake peke yake. Fomula ikitaka kujua mstari wa juu unasemaje, au jumla ya mwezi ni ngapi, mahali pake si kwenye safu hiyo. Tutaona litashika hadi wapi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kugeuza eneo la data kuwa jedwali rasmi (kwenye Excel ni Ctrl+T) na kulipa jina: Kumbukumbu. Wengi wanairuka. Wanaandika =D2-C2, wanaiburuta hadi chini, na mambo yanakwenda vizuri mpaka mtu aongeze mstari bila kuburuta fomula. Ndani ya jedwali, fomula ikiandikwa kwenye seli moja inajaa safu nzima, na kila mstari mpya unazaliwa nayo. Anwani nazo zinageuka majina. Badala ya F2/E2 unasoma [@Lita]/[@Saa], na alama ya @ ina maana ya "mstari huuhuu". Excel ina majina haya ya safu tangu toleo la 2007, na alama ya @ tangu toleo la 2010. Google Sheets ilipata majedwali yake mwaka 2024.

Faida kubwa zaidi ipo kwenye jumla. =SUM(Kumbukumbu[Lita]) haitaji mstari wa kwanza wala wa mwisho, kwa hiyo hakuna wa kuachwa nje. Anayeona hilo ni jambo dogo akumbuke yaliyowapata wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff. Mwaka 2010 walichapisha utafiti kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wengi wakaunukuu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alilipata faili lao na kukuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilibaki nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmaki. Fomula haikutoa alama yoyote ya kosa. Ilikuwa sahihi kabisa kwa mistari iliyoambiwa. (Kisa hiki nitakirudia, maana seli hiyo haikuwa tatizo pekee.)

Jumanne

Leo ni muda tu, na muda una visa vyake.

Kwa lahajedwali, siku ni namba nzima na saa ni sehemu ya siku. Saa sita mchana ni 0.5. Saa kumi na mbili jioni ni 0.75. Ukitoa Kuwasha kwenye Kuzima unapata sehemu ya siku, unazidisha kwa 24, umepata saa. Ni rahisi, mpaka zamu ivuke usiku wa manane.

Mstari wa majaribio: jenereta G3 imewashwa 22:30, imezimwa 05:15. Hesabu ni 0.21875 kutoa 0.9375, jibu ni hasi. Seli ikiwa na umbizo la muda, Excel inajaza alama za #### kwa sababu kwenye mfumo wake wa kawaida wa tarehe muda hasi hauonyeshwi. Dawa inayojulikana ni MOD:

=MOD([@Kuzima]-[@Kuwasha],1)*24

MOD inaongeza siku moja kwenye jibu hasi, tunapata 0.28125, mara 24 ni 6.75. Saa sita na dakika 45, sawasawa na daftari.

Baadaye nikaingiza kurasa za zamani, na humo kuna waandikaji wa aina mbili: wanaoandika 22:30 na wanaoandika 4:30 kwa maana ya saa nne na nusu usiku. Nilitarajia fujo kubwa. Ajabu ni kwamba mistari mingi ya hao wa pili ilitoa jibu sahihi. Kutoka 4:30 hadi 11:15 nako ni 6.75, kwa kuwa tofauti ya saa sita iko pande zote mbili na kutoa kunaifuta. Kinachoharibika ni pale zamu inapovuka kutoka mchana kwenda usiku, au usiku kwenda mchana. Aliyewasha saa nne na nusu asubuhi na kuzima saa mbili usiku amefanya kazi saa 9.5. Ukiandika 4:30 na 2:00, fomula inatoa 21.5. Imezidi kwa saa 12 kamili, hazipungui wala hazizidi. Kwa hiyo nikachuja mistari yote inayozidi saa 12 na kuilinganisha na karatasi mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, lakini angalau ninajua ninachotafuta.

Jumatano

Fomula ya MOD imestaafishwa. Fundi mkuu alipita, akatazama skrini, akauliza: "Na ile G1 iliyokesha siku mbili itasomekaje?" Itasomeka vibaya. MOD haijui siku zaidi ya moja. Mtambo uliofanya kazi saa 26 unatoka na saa 2, bila hata alama nyekundu.

Suluhisho halikuwa kwenye fomula, lilikuwa kwenye kinachoandikwa. Kuwasha na Kuzima sasa zinabeba tarehe pamoja na saa kwenye seli moja, na ujanja wa usiku wa manane hauhitajiki tena. Nimeongeza safu ya Dakika:

=ROUND(([@Kuzima]-[@Kuwasha])*1440,0)

Siku ina dakika 1,440, na hapa ROUND, inayokadiria hadi namba nzima, si pambo. Dakika moja ni sehemu 1/1440 ya siku, na kompyuta inayohesabu kwa mfumo wa mbili haiwezi kuishika sehemu hiyo kikamilifu, kama isivyoweza kushika 0.1. Ukitoa muda mmoja kwenye mwingine unaweza kuonyeshwa saa 8 huku ndani mna 7.99999 na mkia mrefu, halafu fomula inayouliza "je, ni 8?" ikajibu hapana. Dakika nzima hazina mkia. Safu ya Saa inatokana nazo kwa kugawanya kwa 60.

Kando kidogo, kwa wapenda historia: namba za tarehe za Excel zinaanza na 1 kwa tarehe 1 Januari 1900, na ndani yake mna siku ambayo haikuwahi kuwepo, 29 Februari 1900. Mwaka 1900 haukuwa mrefu. Lotus 1-2-3 iliuhesabu hivyo, na Excel ikalibeba kosa hilo makusudi ili mafaili yasomeke kwenye programu zote mbili. Google Sheets na LibreOffice zimelizunguka kwa kuanza sifuri tarehe 30 Desemba 1899, hivyo kuanzia Machi 1900 namba zinalingana. Jenereta zetu hazihusiki.

Ijumaa

Safu ya Kiwango, yaani lita kwa saa. Ni kugawanya tu, nilidhani ni ya robo saa.

Tatizo la kwanza ni mtambo ambao bado unanguruma. Kuzima haijajazwa, kwa hiyo Dakika inatoa sifuri kutoa tarehe ya leo, namba hasi yenye tarakimu nane. Ukiweka IF irudishe "" pale Kuzima ilipo tupu, safu hiyo inapendeza, lakini safu ya Saa inajaribu kugawanya "" kwa 60 na kutoa #VALUE!. Seli inaonekana tupu kwa macho, kumbe kwa programu ni maandishi, maandishi yasiyo na herufi. SUM na AVERAGE zinayaruka. Alama za + na / haziruki kitu.

Halafu kuna mtego ulio mbaya zaidi, kwa sababu hautoi kosa. Niliandika safu ya tahadhari: Kiwango kikizidi kikomo, iandike "Angalia". Mistari yote iliyo tupu ikaandikwa "Angalia". Kwa Excel, maandishi yoyote ni makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo "">9 ni kweli daima.

Wengi wangefunika yote kwa IFERROR, inayoficha kosa lolote. Mimi siitaki ndani ya safu za hesabu. IFERROR haiulizi kosa ni la aina gani. Seli isiyojazwa, jina la mtambo lililokosewa na safu iliyofutwa, vyote vinageuka weupe uleule. Nimetumia COUNT, ambayo inahesabu seli zenye namba halisi tu:

=IF(COUNT([@Kuwasha],[@Kuzima])<2,"",ROUND(([@Kuzima]-[@Kuwasha])*1440,0))

Saa nayo imepata kinga ileile. Na kwa Kiwango:

=IF(COUNT([@Saa],[@Lita])<2,"",IF([@Saa]=0,"",[@Lita]/[@Saa]))

Inasomeka kama sentensi: kama huna namba zote mbili, nyamaza, kama saa ni sifuri, nyamaza, vinginevyo gawanya. Kosa linalozaliwa kwenye hesabu yenyewe litajitokeza na alama zake, nami ninataka lijitokeze, ingawa COUNT nayo huziruka seli zenye makosa. Zawadi ya ziada ni kwamba COUNT inamkamata pia mwandikaji wa "45L". Herufi moja tu na lita zimekuwa maandishi. SUM ingezipita kimyakimya. Safu ya Lita nimeifunga kwa kanuni ya uhalali wa data, ikubali namba peke yake. Kipimo kimehamia kwenye kichwa cha safu.

Jumatatu, wiki ya pili

Ripoti ya mwezi, na hapa ndipo panaponipa raha.

Kila mstari una Kiwango chake. Mkono wa mtu yeyote utaandika =AVERAGE(Kumbukumbu[Kiwango]) na kuuita wastani wa matumizi. Tazama mistari miwili tu. Wa kwanza: saa 10, lita 70, kiwango 7. Wa pili: nusu saa ya kupasha mtambo, lita 6, kiwango 12. Wastani wa viwango ni 9.5. Lakini dizeli iliyoungua ni lita 76 kwa saa 10.5, yaani 7.24 kwa saa. Ukipanga mafuta kwa 9.5 utaagiza karibu theluthi moja zaidi ya unachohitaji, na kila seli njiani ilikuwa sahihi.

Nusu saa ile imepewa kura sawa na saa kumi. Ndiyo maana uwiano wa mstari ni wa mstari, na uwiano wa mwezi unajengwa upya kutoka kwenye jumla zake:

=SUM(Kumbukumbu[Lita])/SUM(Kumbukumbu[Saa])

Kwenye ripoti halisi nimeweka SUMIFS (jumla yenye masharti) ya mtambo na mwezi juu na chini ya mgawanyo. Inazingatia mistari iliyofungwa tu, yaani yenye Kuzima, la sivyo lita za mtambo unaonguruma zinaingia juu huku saa zake hazipo chini.

Narudi kwa Reinhart na Rogoff. Jambo lililozua ubishi mrefu kuliko ile seli ya 44 lilikuwa hilihili la kura. Kwenye kundi la nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa, Nyuzilandi ilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye hesabu yao, 1951, wenye ukuaji wa asilimia -7.6. Uingereza ilikuwa na miaka 19, wastani wake asilimia 2.4. Kila nchi ikapewa uzito mmoja. Herndon na wenzake, Michael Ash na Robert Pollin, waliporekebisha safu iliyokatwa, wakarudisha data iliyoachwa nje na kupima kwa miaka, wastani wa kundi lote ulitoka asilimia -0.1 ukawa 2.2. Mtu anaweza kutetea kura moja kwa kila nchi. Kwa jenereta sioni utetezi wowote.

Wanaotumia Power BI, programu ya ripoti ya Microsoft, wana mpaka huu umechorwa tayari na programu. Safu ya hesabu inakokotolewa data inapopakiwa upya, na matokeo yanahifadhiwa mstari kwa mstari. Kipimo (measure, fomula ya ripoti) kinakokotolewa pale ripoti inapoulizwa, kwa kufuata vichujio vya wakati huo. Uwiano uwekwe kwenye kipimo. Kwenye lahajedwali la kawaida mpaka huo ni wa kujichorea mwenyewe.

Jumatano

Sevisi. Kila mtambo hufanyiwa sevisi baada ya saa 250, nasi tunataka kujua zimetumika ngapi.

Mchango niliopewa ni safu ya jumla inayopanda: jumla ya mstari wa juu, ongeza saa za mstari huu. Ukilipanga jedwali upya kwa jina la mtambo, "mstari wa juu" ni mtambo mwingine na namba zote zimevurugika. Kuna SUMIFS inayosoma mistari yote ya mtambo huo hadi tarehe hiyo, nayo haijali mpangilio, ila kila mstari unaisoma safu nzima. Mistari 10,000 ni ulinganisho milioni 100 kwa kila sharti, na faili linaanza kufikiri kila unapogusa kitufe.

Swali lenyewe halihusu mstari wa kumbukumbu. Linahusu mtambo. Kwa hiyo safu imehamia kwenye jedwali la Mitambo, lenye mstari mmoja kwa kila jenereta na safu ya Sevisi yenye tarehe ya sevisi ya mwisho:

=SUMIFS(Kumbukumbu[Saa],Kumbukumbu[Mtambo],[@Mtambo],Kumbukumbu[Kuwasha],">="&[@Sevisi])

Fomula ni chache kama mitambo ilivyo michache. Saa zilizobaki ni 250 kutoa hizo. Imekwisha.

Alhamisi

Sharti langu la mstari mmoja limepata ufa, na ulikuwa lazima. Kikomo cha "Angalia" kinatofautiana kwa kila mtambo, kwa hiyo safu inakichukua kutoka Mitambo kwa XLOOKUP. (VLOOKUP nimeiacha. Inahesabu safu kwa namba, ukiingiza safu katikati inaendelea kuleta kitu, ila kitu kingine. Na usipoiandikia FALSE mwishoni inatafuta kinachokaribiana.)

Kusoma jedwali jingine kwa ufunguo si dhambi. Dhambi ni kusahau kwamba jedwali hilo litabadilika. G2 ilipofungiwa pampu mpya ya dizeli, kikomo chake kilishushwa, na papo hapo mistari ya miezi iliyopita ikawaka "Angalia". Safu ya hesabu haina kumbukumbu. Inaihukumu jana kwa sheria ya leo.

Vikomo vimepata jedwali lake, lenye safu za Kuanzia na Hadi, na kila mstari unachukua kikomo kilichokuwa hai mtambo ulipowashwa:

=SUMIFS(Vikomo[Kikomo],Vikomo[Mtambo],[@Mtambo],Vikomo[Kuanzia],"<="&[@Kuwasha],Vikomo[Hadi],">"&[@Kuwasha])

SUMIFS hapa inatumika kutafuta, haijumlishi. Vipindi viwili vikigongana itajumlisha kweli na kikomo kitakuwa maradufu, hivyo kuna seli ya ukaguzi inayohesabu migongano.

Ijumaa

Ulinzi. Mtu anaweza kuandika namba juu ya fomula, na Excel itaweka pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli. Hakuna anayeitazama. Nimeweka hii juu ya jedwali, kwa herufi kubwa:

=SUMPRODUCT(--NOT(ISFORMULA(Kumbukumbu[Dakika])))

Inahesabu seli za safu ambazo si fomula tena. Inatakiwa isome sifuri. Moja kwa kila safu ya hesabu, na karatasi nzima nimeifunga isipokuwa seli za kuandikia. Kufunga kuna gharama yake: jedwali lililo kwenye karatasi iliyofungwa halikubali mstari mpya wa chini, kwa hiyo mistari ya mbele imeandaliwa kabla. Ile "" ya fomula ndiyo inayoifanya mistari hiyo isipige kelele.

Jumanne, wiki ya tatu

Mistari inaongezeka na waandikaji ni zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo nimeanza nakala ya SQLite, ambayo ni hifadhidata (database). Safu za hesabu zipo huko pia tangu toleo la 3.31.0 la Januari 2020, na PostgreSQL, hifadhidata nyingine, inazo tangu toleo la 12 la mwaka 2019. Dakika sasa imeandikwa hivi:

dakika INTEGER GENERATED ALWAYS AS ((strftime('%s',kuzima)-strftime('%s',kuwasha))/60) VIRTUAL

Ukijaribu kuandika namba juu yake unakataliwa, kwa hiyo seli za ISFORMULA hazina kazi huku. Kuzima ikiwa tupu, jibu ni NULL (hakuna thamani), na NULL inapita kwenye kila hesabu bila kugeuka maandishi, hivyo mazungumzo yote ya "" yamekwisha. CHECK (kuzima > kuwasha) inazuia tarehe zilizogeuzwa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba sharti la mstari mmoja huku ni sheria ya programu: safu ya hesabu hairuhusiwi kusoma mstari mwingine, wala jedwali jingine, wala kujumlisha. Hata 'now' inakataliwa, kwa kuwa jibu lake hubadilika kila linapoulizwa.

Kikomo, saa za sevisi na wastani wa mwezi vyote vimehamia kwenye mionekano, yaani maswali yaliyohifadhiwa kwa jina. Kilichobaki ni kuingiza ile mistari ya zamani ya zaidi ya saa 12 ambayo bado haijalinganishwa na karatasi. Daftari la G1 lina kurasa zilizolowa dizeli, hizo fundi mkuu amesema atazisoma mwenyewe.